Hidrojeni ya Alfajiri: Historia ya Ishara Iliyofunikwa na Mng'ao wa Anga

Mwaka 1927 watu wa New York na London walianza kupigiana simu kwa njia ya redio. Sauti zilivuka bahari ya Atlantiki, lakini ziliandamana na mikwaruzo na mivumo ambayo haikujulikana yote inatoka wapi. Maabara za kampuni ya simu ya Bell zikamkabidhi mhandisi kijana, Karl Jansky, kazi ya kutafuta chanzo chake. Jansky akajenga antena kubwa katika shamba moja huko Holmdel, New Jersey, akaifungia magurudumu ya gari la Ford ili izunguke na kusikiliza kila upande, kisha akaitega kwenye masafa ya megahezi 20.5. Alisikiliza kwa miezi mingi. Radi za karibu alizitambua, na radi za mbali akazitambua pia. Ikabaki aina ya tatu: mvumo hafifu usiokoma, uliopanda na kushuka mara moja kila siku.

Mwanzoni alidhani unatoka kwenye Jua. Lakini kilele cha mvumo kilikuwa kikiwahi kwa dakika nne hivi kila siku, hata baada ya miezi kadhaa kikawa kimeachana kabisa na Jua. Kilirudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, ambao ndio muda wa Dunia kujizungusha mara moja ukihesabiwa kwa nyota. Basi chanzo kilikuwa nje ya mfumo wa Jua, upande wa kundinyota la Kausi, ambako kuna kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe. Mwaka 1933 Jansky alitangaza ugunduzi huo, na astronomia ya redio ikazaliwa.

Mvumo ule aliousikia Jansky ndio leo kikwazo kikubwa zaidi cha wale wanaotafuta nuru ya nyota za kwanza kabisa. Nyuma yake kuna ishara nyingine, ya gesi ya hidrojeni ya zama ambazo ulimwengu ulikuwa bado mchanga, nayo ni dhaifu kuliko mvumo wa galaksi mara elfu kumi na zaidi. Wanaastronomia huuita mvumo huo mng'ao wa mbele, kwa sababu unasimama kati yetu na kile kilicho mbali zaidi. Juhudi za kuuondoa bila kuiondoa na ile hidrojeni zimedumu miongo kadhaa, na kwa maoni yangu ni moja ya shule bora za uaminifu ambazo sayansi imepata kuwa nazo. Waliosonga mbele katika kazi hii ni wale waliokubali kujipima wenyewe kabla ya kuipima mbingu.

Swali lililoulizwa wakati wa vita

Baada ya Jansky kuhamishiwa kazi nyingine, aliyeendeleza habari hiyo alikuwa Grote Reber, mhandisi wa Wheaton, Illinois. Mwaka 1937 alijenga kwa fedha zake, kando ya nyumba ya kwao, dishi lenye upana wa mita 9 na nusu hivi, akaanza kuchora ramani ya mvumo wa anga. Matokeo yake yalifika hadi Uholanzi, nchi ambayo kufikia mwaka 1940 ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani.

Huko Leiden, mwanaastronomia Jan Oort aliyasoma kwa shauku. Oort alitaka kujua umbo na mwendo wa galaksi yetu, lakini vumbi lililotanda baina ya nyota lilizuia nuru ya kawaida. Mawimbi ya redio hupenya vumbi hilo. Hata hivyo mvumo wa Reber ulisikika kwenye masafa yote, na kitu kinachosikika kila mahali hakikuambii chanzo chake kinakwenda kwa kasi gani. Oort alihitaji ishara yenye masafa maalumu, ambayo ikisogea kidogo kwenda juu au chini ingefichua kama gesi inatukaribia au inatukimbia. Akamwuliza mwanafunzi kijana, Hendrik van de Hulst, atafute kama kuna elementi yoyote inayotoa ishara ya namna hiyo.

Tarehe 15 Aprili 1944, katika mkutano mdogo wa wanaastronomia uliofanyika Leiden nchi ikiwa bado chini ya ukaliaji, van de Hulst alitoa jibu lake: hidrojeni. Atomu ya hidrojeni ina protoni moja na elektroni moja. Kila moja ina tabia iitwayo spini, na spini hizo zinaweza kuelekea upande mmoja au pande zinazopingana. Zikielekea upande mmoja, atomu huwa na ziada ndogo sana ya nishati. Elektroni ikigeuka, ziada hiyo hutoka ikiwa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, kwenye masafa ya megahezi 1,420. Atomu moja ikiachwa peke yake husubiri kwa wastani miaka milioni 11 hivi kabla ya kugeuka. Lakini hidrojeni ndiyo elementi iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni, na wingi wake hufidia uvivu wa kila atomu.

Dirisha la Harvard

Vita vilipokwisha, watu wa nchi tatu waliifuata ishara hiyo. Uholanzi, Oort na wenzake walitumia huko Kootwijk dishi la rada lililoachwa na Wajerumani, lakini mwaka 1950 moto uliteketeza kipokezi chao na kuwarudisha nyuma. Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard, mwanafunzi Harold Ewen na mwalimu wake Edward Purcell walitengeneza antena ya mbao yenye umbo la pembe, ikafunikwa shaba kwa ndani, wakaitokeza nje ya dirisha la maabara ya fizikia. Ruzuku yao ilikuwa dola 500. Mvua ilipokuwa kubwa, pembe ile ilikinga maji na kuyaingiza ndani.

Jambo la kukumbukwa ni namna Ewen alivyoushinda mng'ao wa mbele wa wakati wake. Kipokezi chake chenyewe kilitoa kelele kubwa kuliko hidrojeni, na anga nayo ilivuma. Badala ya kujaribu kupima kila kelele kwa usahihi, alikifanya kipokezi kirukeruke baina ya masafa mawili jirani: moja ambalo hidrojeni ilitarajiwa kuwapo na jingine lililo kando kidogo. Kisha akatoa moja katika jingine. Kelele za kipokezi na mvumo wa galaksi, ambavyo havibadiliki sana kutoka masafa hadi masafa jirani, vilifutana. Hidrojeni, ambayo iko upande mmoja na haiko upande wa pili, ilibaki. Ishara ilionekana tarehe 25 Machi 1951.

Kanuni ambayo mbinu zote za baadaye zimejengwa juu yake ni hiyo: mng'ao wa mbele hubadilika polepole kadiri masafa yanavyobadilika, ilhali hidrojeni hubadilika haraka. Anayeweza kutofautisha ulaini na mkwaruzo anaweza kuzitenganisha.

Ewen na Purcell walifanya na jambo la pili ambalo lilikuwa na uzito uleule. Hawakukimbilia kutangaza peke yao. Waliwapa habari washindani wao wa Uholanzi na wenzao wa Australia, wakawaeleza walivyofanya. Kikosi cha Uholanzi, kikiongozwa kiufundi na mhandisi Lex Muller, kikaipata ishara tarehe 11 Mei. Australia nako Christiansen na Hindman wakaithibitisha. Makala za Harvard na Uholanzi zikachapishwa pamoja katika jarida la Nature tarehe 1 Septemba 1951, zikiandamana na taarifa fupi kutoka Australia. Tangu siku ya kwanza, ishara ya sentimita 21 ilisimama juu ya ushahidi wa vifaa vilivyojengwa mbalimbali na mikono tofauti. Baada ya hapo wanaastronomia waliitumia kuchora mikono ya Njia Nyeupe inayojizungusha, kama Oort alivyotamani.

Hidrojeni ya mbali

Swali la ujasiri zaidi lilikuja baadaye. Ulimwengu umekuwa ukipanuka kwa miaka bilioni 13.8 tangu Mlipuko Mkuu, na kila wimbi linalosafiri ndani yake hunyooshwa. Wimbi la sentimita 21 lililotolewa zamani sana hutufikia likiwa na urefu wa mita mbili, tatu au nne. Kadiri lilivyotoka mbali ndivyo masafa yake yanavyokuwa ya chini. Kwa hiyo masafa ni kalenda. Ukitega megahezi 200 unasikiliza zama za miaka karibu bilioni moja baada ya mwanzo. Ukitega megahezi 100 umerudi hadi miaka milioni 300 na kitu. Ukishuka chini ya megahezi 80 umefika wakati ambapo nyota za kwanza zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuwaka, zama ambazo wataalamu huziita Alfajiri ya Ulimwengu.

Kabla ya alfajiri hiyo palikuwa na giza. Miaka 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipoa kiasi cha protoni na elektroni kushikana na kuwa atomu, na kwa muda mrefu hapakuwa na nyota hata moja. Nyota zilipotokea, miale yake iliibadilisha hali ya hidrojeni iliyozizunguka, halafu ikaipasha joto, na mwisho ikazivunja atomu zake tena. Hatua zote hizo zimeandikwa katika ishara ya sentimita 21. Mwaka 1979 Craig Hogan na Martin Rees walieleza jinsi hidrojeni ya zama hizo ingeweza kutafutwa kwa redio. Mwaka 1997 Piero Madau, Avery Meiksin na Rees waliieleza kwa hesabu zilizokuwa msingi wa kazi nyingi zilizofuata. Darubini za nuru huona galaksi zinazong'aa tu, lakini hidrojeni ingeweza kuonyesha gesi yenyewe ambayo galaksi zilifinyangwa kwayo.

Tatizo ni mvumo wa Jansky. Sasa tunajua unatokana na elektroni zinazokwenda kwa kasi iliyokaribia ile ya mwanga huku zikizunguka katika nyuga za sumaku za galaksi. Mng'ao huo huongezeka kwa nguvu kadiri masafa yanavyoshuka, yaani unakuwa mkali zaidi palepale tunapohitaji ukimya. Wanaastronomia wa redio hupima mng'ao kwa nyuzi za kelvini. Kwenye megahezi 78, hata sehemu zilizo tulivu za anga hung'aa kwa zaidi ya kelvini 1,000. Ishara ya hidrojeni inayotarajiwa haifiki hata theluthi moja ya kelvini. Juu ya hayo kuna galaksi nyingine zenye mng'ao wa redio, kuna tabaka la ionosfea linalopindisha mawimbi, na kuna binadamu: masafa ya FM, kuanzia megahezi 88 hadi 108, ambayo wasikilizaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanayatumia kila asubuhi, yamekaa juu ya kipande muhimu cha kalenda ya ulimwengu. Ndiyo maana watafutaji walikimbilia majangwa ya Australia Magharibi na Karoo ya Afrika Kusini, ambako serikali zimeweka sheria za kulinda ukimya wa redio.

Kupepeta na kupoteza punje

Kwenye karatasi njia ilionekana wazi. Mng'ao wa mbele ni laini, basi uchorewe mstari laini, mstari huo uondolewe, na kitakachobaki kiwe hidrojeni. Lakini antena hazikai kwa utii huo. Waya huakisi sehemu ndogo ya wimbi na kulirudisha nyuma. Ardhi iliyo chini ya antena huakisi pia. Antena yenyewe huona anga kwa umbo tofauti kidogo katika kila masafa. Makosa hayo huuchukua mng'ao laini wa kelvini elfu moja na kuutia mikwaruzo, na mkwaruzo wa sehemu moja kwa elfu kumi unatosha kuifunika hidrojeni au, kwa hatari zaidi, kujifanya hidrojeni.

Wa kwanza kulipata funzo hili kwa uchungu walikuwa watumiaji wa darubini ya GMRT, yenye madishi 30 ya mita 45 kila moja, iliyojengwa Khodad, kaskazini mwa Pune nchini India, chini ya uongozi wa Govind Swarup. Hidrojeni ya mbali ilikuwa miongoni mwa shabaha alizozifikiria tangu awali. Mwaka 2011 kikosi cha kimataifa, Gregory Paciga na Ue-Li Pen wakiwa miongoni mwao, kilichapisha matokeo yaliyosema kwamba ishara, kama ipo, haizidi milikelvini 70. Kilikuwa kikomo kikali cha kupendeza. Lakini walirudi wakajiuliza swali gumu: katika kuondoa mng'ao wa mbele, je, tumeondoa na hidrojeni? Wakatia ishara ya kubuni ndani ya data, wakaipitisha katika hatua zote za usafishaji, wakatazama kiasi gani kimesalia. Sehemu kubwa ilikuwa imepotea. Mwaka 2013 wakachapisha kikomo kipya: milikelvini 248.

Anayepepeta mchele kwa haraka hupata ungo msafi, lakini makapi aliyoyamwaga yana punje ndani yake. Tendo la kikosi kile lilikuwa kurudi kwenye makapi na kuhesabu punje mbele ya kadamnasi.

Hali kama hiyo iliupata mradi wa antena za redio uitwao PAPER. Ulianzishwa na Don Backer wa Berkeley pamoja na Richard Bradley, na baada ya Backer kufariki mwaka 2010, Aaron Parsons aliuendeleza huko Karoo. Mwaka 2015 kikosi hicho kilitangaza kikomo cha milikelvini 22, kilichokuwa bora kuliko vyote wakati huo. Mbinu yao iliipa kila sehemu ya data uzito kulingana na jinsi ilivyoonekana kuchafuka, na uchafu huo ulikadiriwa kutokana na data yenyewe. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Hidrojeni imo katika data, kwa hiyo mbinu iliihesabu nayo kuwa uchafu na kuipunguzia uzito. Carina Cheng na wenzake, wote wa mradi uleule, walichambua jinsi upotevu huo ulivyotokea, na mwaka 2018 kikosi kikachapisha masahihisho ya matokeo yake. Makala ya Cheng ikawa somo la lazima kwa kila anayeingia katika kazi hii, na tangu hapo kikomo kinachotolewa bila jaribio la ishara ya kubuni hakiaminiwi tena.

Kukwepa badala ya kuondoa

Kutokana na majeraha hayo likazaliwa wazo jingine. Kama kuondoa mng'ao kunaleta hatari, kwa nini tusiende mahali ambapo haufiki?

Hoja yenyewe ni ya jiometri. Chukua antena mbili zilizo kando kwa kando. Wimbi linalotoka utosini huzifikia kwa pamoja. Wimbi linalotoka kwenye upeo huifikia moja kwanza, kisha ya pili, na ucheleweshaji huo hauwezi kuzidi muda ambao mwanga unahitaji kusafiri kutoka antena moja hadi nyingine. Kwa sababu mng'ao wa mbele ni laini, mikwaruzo ambayo jozi ya antena inaweza kuutia ina ukomo unaotegemea umbali huo. Hidrojeni haina ukomo wa namna hiyo, maana kila masafa ni umbali mwingine na gesi nyingine. Ukichora data kwa kufuata hoja hii, mng'ao wa mbele hujikusanya katika pembe moja ya mchoro, na nje ya pembe hiyo hubaki uwanda ambao hidrojeni inaweza kutafutwa bila kugusa chochote.

Darubini ya HERA ilijengwa Karoo kwa ajili ya hoja hiyo. Ina madishi 350 ya mita 14, yaliyoundwa kwa nguzo, mabomba ya plastiki na wavu wa chuma, yakabanwa karibu karibu na kutazama juu tu bila kugeuka. Baina ya madishi jirani mwanga hupita kwa kama nanosekunde 50, kwa hiyo pembe iliyochafuka ni ndogo. HERA haijaisikia hidrojeni ya alfajiri, lakini vikomo vyake vya 2022 na 2023 vimefikia mahali pa kusema jambo la kweli kuhusu ulimwengu: wakati galaksi za mwanzo zikiendelea kujengeka, gesi iliyokuwa baina yao haikuwa baridi kama ingekuwa imeachwa ipoe yenyewe. Kuna kitu kilikwisha kuipasha joto, na kinachodhaniwa zaidi ni miale ya X iliyotoka kwenye mabaki ya nyota zilizotangulia. Kimya kilichopimwa vizuri nacho ni habari.

Shimo la megahezi 78

Tarehe 1 Machi 2018 jarida la Nature lilichapisha habari iliyotikisa elimu hii. Judd Bowman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na Alan Rogers wa kituo cha Haystack cha MIT, pamoja na wenzao, walikuwa wametega kifaa kiitwacho EDGES katika eneo la Murchison, Australia Magharibi, kwenye ardhi ya jadi ya watu wa Wajarri. Kilikuwa kifaa kidogo: mabamba mawili ya chuma yenye ukubwa wa meza, yaliyosimama juu ya sakafu ya wavu wa chuma. Hakikutafuta ramani. Kilipima wastani wa anga nzima, masafa kwa masafa. Baada ya kuondoa mstari laini wa mng'ao wa mbele, walikuta shimo kwenye megahezi 78, lenye kina cha nusu kelvini. Kwa tafsiri yao, hidrojeni ilikuwa ikifyonza mionzi ya nyuma, ile iliyosalia tangu Mlipuko Mkuu, kwa sababu nyota za kwanza zilikuwa zimewaka, takribani miaka milioni 180 baada ya Mlipuko Mkuu.

Walikuwa wamejitahidi sana. Waligeuza antena, wakatumia antena ya pili, wakabadilisha sakafu, wakachambua kwa njia tofauti, na shimo likabaki. Lakini kina chake kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile ambacho fizikia inayojulikana iliruhusu. Katika toleo lilelile Rennan Barkana alipendekeza kwamba huenda mata ya giza, ile isiyotoa nuru yoyote, iliipoza hidrojeni hata ikafyonza zaidi. Kama ni kweli, ingekuwa mara ya kwanza mata hiyo kuonekana ikifanya kitu kingine mbali na kuvuta kwa uzito wake.

Kabla ya mwaka kwisha, Richard Hills wa Cambridge na wenzake walichapisha shaka zao katika Nature hiyohiyo. Walionyesha kwamba mstari laini uliotumika kuondoa mng'ao wa mbele, ukisomwa kwa maana yake ya kifizikia, ulidai mambo yasiyowezekana kuhusu ionosfea. Tena data zilezile zingeweza kuelezwa kwa wimbiwimbi dogo lililotokana na kifaa, bila shimo la aina hiyo. Wengine walielekeza macho kwenye sakafu ya chuma na ardhi iliyokuwa chini yake. Bowman na wenzake walijibu, wakatetea kipimo chao. Mjadala ulikuwa mkali na wa heshima, na hesabu peke yake hazingeweza kuumaliza. Ilihitajika antena nyingine.

Antena hiyo ilitoka Bengaluru. Katika Taasisi ya Utafiti ya Raman, Ravi Subrahmanyan, Saurabh Singh na wenzao walikuwa wameboresha kifaa chao SARAS kwa miaka mingi. Ardhi, waliona, ni adui kwa sababu tabaka zake za mawe na unyevu hazijulikani. Maji yanajulikana: yako sawasawa kila mahali. Wakaiweka antena yao, yenye umbo la koni, juu ya chelezo, na mwanzoni mwa 2020 ikaelea kwenye ziwa la Dandiganahalli na kwenye maji ya mto Sharavati yaliyokingwa na bwawa, jimboni Karnataka. Matokeo yalichapishwa Februari 2022: shimo la EDGES halikuonekana, na data zao zililikataa kwa uhakika wa asilimia 95.3.

Asilimia hizo zinapima nguvu ya ushahidi, na hazijafunga kesi. Waliotangaza shimo wameunda kifaa kipya, EDGES-3. Kikosi cha REACH, kinachoongozwa na Cambridge pamoja na Stellenbosch, kimepeleka antena yake Karoo, kikiwa na mpango wa kukadiria anga na kifaa kwa pamoja katika hesabu moja ili makosa ya kimoja yasijifiche nyuma ya kingine.

Mahali ambapo hidrojeni imepatikana

Kuna upande mmoja ambao ushindi umekwisha kupatikana, nao ni wa zama za karibu zaidi. Mwaka 2010 Tzu-Ching Chang, Ue-Li Pen, Kevin Bandura na Jeffrey Peterson walitumia darubini kubwa ya Green Bank, West Virginia, kutazama hidrojeni ya kama miaka bilioni 7 iliyopita. Hawakuiona ikiwa peke yake. Walilinganisha ramani yao ya redio na orodha ya galaksi zilizokwisha kuonekana kwa darubini za nuru. Mng'ao wa Njia Nyeupe haujui galaksi hizo za mbali ziko wapi, kwa hiyo hauwezi kufuatana nazo isipokuwa kwa bahati. Hidrojeni inajua, maana imo ndani yake. Kilichofuatana na galaksi kilikuwa hidrojeni.

Njia hiyo imezaa matunda tangu wakati huo. Darubini ya CHIME ya Kanada, yenye mitaro minne ya wavu yenye urefu wa mita 100 kila mmoja, ilitangaza matokeo yake mwaka 2022. MeerKAT ya Karoo, yenye madishi 64, ilifuata mwaka 2023. Katika zama za nyota za kwanza orodha ya galaksi ya kulinganisha nayo bado ni fupi mno, lakini kanuni imethibitishwa kwa vitendo: shahidi wa pili, asiyeshirikiana makosa na wa kwanza, ana nguvu kuliko usafishaji wowote.

Sasa darubini kubwa kuliko zote za redio, SKA, inajengwa katika nchi mbili. Australia Magharibi kutakuwa na antena 131,072 za masafa ya chini, zilizopangwa hasa kwa ajili ya hidrojeni ya alfajiri. Afrika Kusini kutakuwa na madishi 197, pamoja na yale ya MeerKAT. Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoingia ubia na Afrika Kusini tangu mradi ulipopiganiwa kuletwa barani. Kazi inayosubiri si ya kutazama anga tu. Ni kazi ya takwimu, ya programu za kompyuta na ya umeme wa redio, na kijana wa Eldoret au Morogoro aliyeshika vizuri masomo hayo ana kila kinachohitajika kuingia humo.

Siku moja kikosi fulani kitasema kimeisikia hidrojeni ya nyota za kwanza. Wasomaji wa historia hii watajua maswali ya kukiuliza. Mlitia ishara ya kubuni katika data zenu, na kiasi gani kilitoka salama? Mstari mlioondoa unasema nini kuhusu anga halisi? Kifaa chenu kilipimwaje peke yake, kabla ya kuelekezwa juu? Na ni akina nani wengine, kwa antena isiyofanana na yenu, walioona kitu hichohicho? Purcell na Ewen walikuwa na jibu la swali hilo la mwisho kabla makala yao haijachapwa. Atakayekuwa na majibu ya yote manne atastahili kuaminiwa, na atakuwa ametuonyesha ulimwengu ulivyotoka gizani.